Ripoti za makonsuli wa Kiingereza kuhusu wababe wa kivita wa China: walizikuta kambi au walizitunga?

#1 Jalada la Zamani
Wakuu, salaam. Mada hii imenikaa kichwani tangu mwaka juzi, nilipopata siku nne za kukaa kwenye Hifadhi ya Nyaraka kule Kew, London. Nilikwenda kutafuta bei za karafuu. Nikaishia kusoma majalada ya Wizara ya Mambo ya Nje ya Uingereza kuhusu China, miaka ya 1916 hadi 1928, na karafuu sikuzigusa tena.

Kwa wasioifuatilia historia hii: Rais Yuan Shikai alifariki tarehe 6 Juni 1916, miezi michache baada ya jaribio lake la kujifanya mfalme kushindwa. Jeshi la Beiyang alilolilea likabaki yatima, na majenerali wake wakagawana nchi. Beijing ilibaki na rais, bunge na mawaziri, lakini mwenye nguvu ni yule ambaye askari wake walikuwa karibu na stesheni ya reli. Vitabu vinatutajia kambi tatu kubwa: Anhui ya Duan Qirui, Zhili ya Feng Guozhang na baadaye Cao Kun na Wu Peifu, na Fengtian ya Zhang Zuolin kule Manchuria. Zikapigana 1920, 1922 na 1924.

Hoja yangu ni hii. Kambi hizi, kwa namna tunavyozisoma leo, ni kazi ya kalamu ya makonsuli. Konsuli yuko kwenye mji wa bandari, anadaiwa taarifa ya hali ya siasa, na bosi wake Beijing anataka kujua fulani ni mtu wa nani. Basi anapanga watu kwenye mafungu. Fungu likishaandikwa mara tatu linakuwa kitu kilichopo. Mnasemaje?

#2 Ngosha wa Ziwani
Naweka kambi hapa. Mada adimu sana hii.

#3 Mwanahawa K.
Jalada, hapo umewapa Waingereza sifa wasiyostahili. Wachina wenyewe walizitaja kambi hizo kwa majina: Zhixi, Wanxi, Fengxi. Hilo "xi" maana yake ni kama mnyororo, watu waliofungamana. Magazeti ya Shanghai na Tianjin yalikuwa yakiandika hivyo kila siku, na karani wa Kichina ofisini kwa konsuli alikuwa akimsomea bosi magazeti hayohayo. Hata neno lao la mbabe wa kivita, *junfa*, halikutoka London, limetokana na Kijapani *gunbatsu*. Konsuli alitafsiri tu. Mtu anayetafsiri jina la ukoo hajauzaa ukoo.

#4 Kipanga Mweusi
Mbona mnazunguka? Ni ukabila tu, ukanda. Zhili ni mkoa uliozunguka Beijing, Anhui ni kwao Duan, Fengtian ni kwao Zhang. Kila mmoja kabeba watu wa kwao. Hayo tunayajua, hatuhitaji kwenda London.

#5 Mwanahawa K.
@Kipanga Mweusi (#4) polepole baba. Wu Peifu, jenerali hodari kuliko wote wa kambi ya Zhili, alikuwa mtu wa Shandong. Xu Shuzheng, mkono wa kuume wa Duan, kwao ni Jiangsu, si Anhui. Feng Yuxiang asili ya ukoo wake ni Anhui na alikuwa ndani ya kambi ya Zhili mpaka siku alipoisaliti. Majina ya mikoa yanatokana na walipotoka wakubwa. Waliowafuata walitoka kila mahali.

Kilichowafunga kilikuwa zaidi chuo, na nani alikuwa mwalimu wa nani, nani alimpandisha nani cheo, na nani alioleana na nani. Na kuoleana nako hakukuzuia risasi. Cao Kun na Zhang Zuolin familia zao ziliposana watoto, na bado 1922 wakapigana.

#6 Kipanga Mweusi
Sawa, Shandong nimeikubali. Lakini Zhang Zuolin na watu wake wa kaskazini mashariki bado ni wangu, hiyo huninyang'anyi.

#7 Forodhani Boy
Nashangaa mpo posti ya saba na hakuna aliyetaja pesa. Nilifanya kazi ya uwakala wa forodha miaka kumi na mbili, kwa hiyo jicho langu huwa linakwenda hukohuko.

Forodha ya China ilikuwa mikononi mwa Mkaguzi Mkuu Mwingereza. Kuanzia 1911 hadi 1927 alikuwa Francis Aglen. Baada ya mapinduzi ya 1911 makusanyo yaliwekwa kwenye benki za kigeni. Kwanza zinalipwa deni na fidia ya vita ya 1900. Kikibaki kitu, ile ziada, inakwenda kwa serikali *inayotambuliwa*. Na inayotambuliwa ni ipi? Ni ile mabalozi wa Beijing wameamua kuitambua.

Sasa fikiria wewe ni jenerali. Ukiukamata mji wa Beijing, hata kama nje ya kuta zake hakuna anayekutii, unarithi sahihi ya nchi. Unaweza kukopa. Yuan alikopa pauni milioni 25 mwaka 1913 kutoka kwa benki za mataifa matano. Duan alikopa Japani yeni milioni 145 mwaka 1917 na 1918, ile mikopo ya Nishihara. Jenerali wa mkoa wa mbali kama Guizhou hakuna atakayemkopesha. Kwa hiyo vita vyote vinaelekea Beijing.

Mfano mwingine ni Guangzhou. Serikali ya kusini, iliyokuwa ikishindana na ile ya Beijing, iliwahi kupewa asilimia 13.7 ya ziada hiyo, 1919 hadi 1920, kisha ikakatwa. Sun Yat-sen, kiongozi wa kusini, alipoidai upya mwishoni mwa 1923 na kutishia kuikamata forodha ya pale, manowari za mataifa zikatia nanga mbele ya mji wake. Nani hapo alikuwa anatazama tu na kuandika ripoti?

Mimi nasema Jalada umekosea njia ila umefika karibu na nyumba. Kilichozilea kambi ni kutambuliwa. Kalamu ya konsuli ilikuwa karani wa pesa.

#8 Ngosha wa Ziwani
#7 nimeisoma mara mbili. Asante mkuu.

#9 Jalada la Zamani
Mwanahawa, la jina nimelipokea. Forodhani, nakubaliana nawe kwa sehemu kubwa, na nina mfano wa kukuongezea. Oktoba 1923 Cao Kun alinunua urais. Wabunge walihongwa, bei iliyotajwa ni dola za fedha 5,000 kwa kura, na wananchi wakawaita wabunge hao nguruwe. Mabalozi walijua. Lakini wao walikuwa na kesi yao: Mei mwaka huohuo majambazi waliiteka treni karibu na Lincheng wakachukua abiria wa kigeni. Mabalozi wakakaa mbali na rais mpya mpaka serikali yake iliporidhia madai yao ya Lincheng, ndipo wakaenda kumpongeza. Uchaguzi wa mlungula haukuwa kikwazo.

Ila naomba niitetee kalamu kidogo. Ripoti ya konsuli ikifika London inavishwa jalada, na maofisa wanaandika maoni yao juu ya jalada lenyewe, mmoja chini ya mwingine, wa cheo kidogo kwanza. Humo ndimo utaona mtu ambaye hajawahi kukanyaga China akimpunguza jenerali kuwa neno moja: "wetu", "wa Wajapani", "mwekundu". Konsuli kaandika kurasa sita zenye mashaka mengi. Juu ya jalada mashaka yameisha. Nilipoona hivyo ndipo wazo la uzi huu lilipozaliwa.

#10 Mama Tabasamu
Naomba nichangie kama mwanafunzi. Nilipokuwa naandika tasnifu nilitengeneza kadi ya kila jenerali. Miezi mitatu nikiwa na kadi ya Chang Tso-lin na kadi nyingine ya Zhang Zuolin, na sura nzima nimeeleza jinsi hawa wawili walivyoshindania Manchuria. Ni mtu mmoja. Waingereza walitumia tahajia ya zamani, na vitabu vipya vinatumia pinyin, tahajia ya sasa. Msimamizi alirudisha sura ile ikiwa na mstari mmoja wa wino mwekundu kuanzia juu hadi chini. Nililia. Wadogo zangu mnaoanza, tengenezeni orodha ya tahajia kabla ya kitu kingine chochote. Hata miji: Mukden, Fengtian na Shenyang ni palepale.

#11 Kipanga Mweusi
Mama Tabasamu pole sana. Lakini kama ni mtu mmoja aliyepigana na kila mtu, hata kadi nne zingemtosha.

#12 Chuo cha Mwembe
Nadhani kuna kitu kinachanganywa hapa. Mnasema "Waingereza" kana kwamba walikuwa sauti moja. Hawakuwa.

John Jordan, mkuu wa ubalozi Beijing kuanzia 1906 hadi 1920, aliamini China inahitaji mtu mmoja mwenye mkono mzito, na mtu wake alikuwa Yuan. Yuan alipokufa, tabia ya kutafuta mwenye mkono mzito ilibaki pale ubalozini. Miaka ya 1922 hadi 1924 macho ya wageni wengi yalikuwa kwa Wu Peifu: msomi wa elimu ya zamani, mashairi, askari wenye nidhamu, bonde la Yangtze ambako biashara ya Uingereza ilikuwa nene. Jarida la Time la Marekani likamweka kwenye jalada tarehe 8 Septemba 1924. Wiki sita na ushei baadaye, 23 Oktoba, Feng Yuxiang aligeuza majeshi usiku, akaingia Beijing na kumfungia Cao Kun. Wu akaondoka kwa meli.

Kusini ni hadithi nyingine. James Jamieson, konsuli mkuu wa Guangzhou kwa miaka mingi, hakumpenda Sun hata kidogo. Gavana wa Hong Kong, Reginald Stubbs, naye aliona Chen Jiongming, jenerali wa hukohuko kusini, ana maana zaidi. Lakini Chen alipompindua Sun Juni 1922, ni manowari ya Kiingereza iliyomtoa Sun Guangzhou na kumpeleka Hong Kong mwezi Agosti. Na Februari 1923 Sun akahutubia Chuo Kikuu cha Hong Kong, wanafunzi wakamshangilia. Hong Kong inavuta huku, Beijing inavuta kule, London inataka biashara isisimame. Ripoti zao zenyewe ni uwanja wa kambi.

#13 Mkamba wa Athi
Ongeeni kuhusu huyo Chuo Kikuu cha Hong Kong vizuri. Mkuu wake wa kwanza, kuanzia 1912, aliitwa Charles Eliot. Wakenya wenzangu mnalikumbuka jina? Ni yuleyule Kamishna wa Himaya ya Afrika Mashariki, 1900 hadi 1904, aliyewafungulia walowezi milango ya nyanda za juu, kisha akajiuzulu kwa ugomvi na London juu ya ardhi ya Bonde la Ufa walikoishi Wamasai. Baada ya Hong Kong akawa balozi wa Uingereza Tokyo mpaka 1926, yaani kipindi hichohicho mnachokijadili, akiandika London kuhusu Wajapani wanataka nini China.

Si yeye peke yake. Claude MacDonald alikaimu uwakala wa Uingereza Zanzibar mwishoni mwa miaka ya 1880, na mwaka 1900 ndiye aliyeongoza ulinzi wa mtaa wa mabalozi Beijing wakati wa uasi wa Mabondia, Wachina waliotaka kuwafukuza wageni.

Kwa hiyo wazo la "tafuta chifu mmoja mwenye nguvu, umtambue, uzungumze naye peke yake" lilisafiri na watu. Walilifanyia mazoezi kwetu.

#14 Chuo cha Mwembe
@Mkamba wa Athi hilo la Eliot ni kweli tupu na nimefurahi umelileta. Ila tahadhari moja: makonsuli wa kawaida wa China hawakutoka Afrika. Walikuwa na utumishi wao peke yao. Wanachukuliwa vijana, wanawekwa Beijing wajifunze Kichina, kisha wanazunguka China hadi kustaafu. Wengi walikijua Kichina kweli. Eric Teichman mwaka 1917 alizunguka Shaanxi na Gansu kukagua kama mashamba ya afyuni yameng'olewa kulingana na mkataba na Uingereza, na mwaka uliofuata akawa mpakani mwa Tibet akisuluhisha vita. Mtu anayehesabu mashamba ya afyuni wilaya kwa wilaya anajua nani anatawala wapi kuliko aliyekaa ubalozini akinywa chai.

#15 Unguja Ukuu
Mkamba umenigusa. Sisi Agosti 1896 tulipigwa mizinga dakika 38 kwa sababu balozi wa Kiingereza aliandika kwamba Sayyid Khalid hafai na Sayyid Hamoud anafaa. Baba wa babu yangu alikuwa Mji Mkongwe siku ile. Basi nikisoma kwamba mabalozi "walitambua" mtu, sisomi kama neno la karatasini.

#16 Jalada la Zamani
Unguja Ukuu, asante kwa hilo. Tafadhali tusilipite haraka.

#17 Bukavu Kando ya Ziwa
Jambo kwenu wote. Mimi nauliza: makonsuli walipata wapi habari? Babu yangu alikuwa karani wa msimamizi mzungu huku kwetu. Alikuwa anasema, "Bwana alikuwa anaandika ile niliyomwambia, na mimi nilikuwa ninamwambia ile ninayotaka." Kuna machifu walipoteza kiti kwa sababu babu hakuwapenda. Alikiri hivyo mwenyewe kwa uzee, na ilimuuma.

#18 Mwanahawa K.
@Bukavu (#17) hiyo ndiyo posti bora ya uzi huu kwangu.

Habari zao zilitoka kwa wamisionari waliokaa ndani bara, kwa wakubwa wa forodha na posta, kwa mawakala wa kampuni za sigara na mafuta ya taa waliokuwa na wauzaji hadi vijijini, kwa magazeti, na kwa waandishi wa Kichina wa ofisini. Mmisionari anamsifu jenerali anayelinda kanisa. Ndiyo maana Feng Yuxiang, "Jenerali Mkristo", alisifiwa sana mpaka alipopokea silaha za Wasovieti, hapo sifa zikageuka ghafla. Wakala wa sigara anamlaumu jenerali aliyeongeza kodi ya sigara. Waandishi wa Kichina ndio sijawahi kuona majina yao mbele ya ripoti. Walisoma kila kitu, walitafsiri kila kitu.

#19 Simba Pori
Na yule Jenerali Mla Mbwa wa Shandong? Zhang Zongchang. Nasikia alikuwa anakula mbwa kila siku.

#20 Mwanahawa K.
Hapana. "Kula nyama ya mbwa" lilikuwa jina la mtaani la mchezo wa kamari wa vigae aliokuwa amezama humo. Waliotafsiri neno kwa neno ndio waliomfanya mla mbwa. Cha kweli kuhusu yeye ni kwamba aliajiri Warusi weupe waliokimbia mapinduzi na kuwaweka kwenye treni za deraya. Aliuawa stesheni ya Jinan mwaka 1932. Lakini Simba Pori umeisaidia hoja ya Jalada bila kutaka: tazama jina lililotafsiriwa vibaya lilivyoishi miaka mia.

#21 Mchuuzi wa Kariakoo
Nimesoma yote. Mimi naona mnaogopa kusema Japani. Novemba 1925 Guo Songling, jenerali wa Zhang Zuolin mwenyewe, aliasi na karibu amtoe Mukden. Jeshi la Kijapani la Kwantung likamzuia kupita karibu na reli yao, Zhang akapata pumzi, na wakati wa Krismasi Guo na mkewe wakapigwa risasi. Miaka miwili na nusu baadaye, 4 Juni 1928, maofisa wa jeshi hilohilo wakailipua treni ya Zhang kwa sababu hakuwa anawasikiliza vya kutosha. Aliyekuokoa ndiye anakuua. Ripoti za Waingereza zina faida gani mbele ya baruti?

#22 Chuo cha Mwembe
Mchuuzi, hakuna anayeogopa. Lakini hata Wajapani walikuwa wengi: wizara yao ya mambo ya nje, makao makuu ya jeshi, jeshi la Kwantung, washauri wa kijeshi waliokuwa wakilipwa na majenerali. Konsuli wa Kijapani Mukden hakuwa anaambiwa kila wanachopanga maofisa wa jirani. Ukisema "Japani ilitaka", itabidi useme Japani ipi.

#23 Mchuuzi wa Kariakoo
Ile yenye baruti.

#24 Forodhani Boy
Kuna sababu nyingine ambayo nimeikumbuka usiku. Walioshindwa hawakufa. Kambi ya Anhui ilipopigwa Julai 1920 Xu Shuzheng alikimbilia ubalozi wa Japani, na baadaye akatoroshwa ndani ya sanduku la safari. Duan akaenda kukaa Tianjin, kwenye mtaa uliokuwa chini ya utawala wa Wajapani. Miaka minne baadaye huyo yuko Beijing tena, mkuu wa serikali! Cao Kun naye alimalizia maisha Tianjin. Yaani mitaa ya wageni ilikuwa benchi la akiba. Unatolewa, unapumzika, unasubiri wenzako wachoke. Kwa utaratibu huo kambi haiwezi kufa. Wu Peifu yeye alikataa kukimbilia mitaa ya wageni, na heshima hiyo alikuwa nayo hadi mwisho.

#25 Kipanga Mweusi
Sasa Sichuan? Huko hakuna ubalozi wala ziada ya forodha ya Beijing. Liu Xiang na Liu Wenhui walipigana 1932 na 1933, na Liu Wenhui ni baba mdogo wake Liu Xiang, tena kwa umri ni mdogo kuliko mtoto wa kaka yake. Ugomvi wa ukoo ule! Nadharia zenu za benki zinafika huko?

#26 Forodhani Boy
Hapo umenibana. Sichuan walikula kodi ya ardhi, waliyoikusanya miaka mingi mbele, na afyuni. Pesa ilikuwepo, ila si ya kwangu.

#27 Chuo cha Mwembe
Na konsuli alikuwepo pia. Meyrick Hewlett alikuwa Chengdu mwaka 1917 askari wa Yunnan na wa Sichuan walipopigana ndani ya mji, moto ukiwaka mitaani, na yeye akawa anapita kati yao kusuluhisha. Ripoti ya mtu wa namna hiyo siwezi kuiweka fungu moja na maandishi ya juu ya jalada London.

#28 Mama Tabasamu
Swali langu kwa Jalada. Kama kalamu ilikuwa na nguvu hivyo, ilikuwaje 1926? Chiang Kai-shek, kamanda wa jeshi la kusini, aliondoka Guangzhou Julai, Oktoba Wuhan ikawa imeanguka, na Januari 1927 Waingereza wakapoteza mtaa wao wa Hankou, palepale Wuhan. Miles Lampson alipoteuliwa kuwa balozi wa Uingereza alikwenda kwanza Hankou, Desemba 1926, kuzungumza na Eugene Chen, waziri wa mambo ya nje wa serikali ya kusini, kabla hajafika Beijing kwenye kiti chake. Mwezi huohuo Uingereza ikatoa waraka kwamba iko tayari kujadili upya mikataba. Hapo nani alikuwa anamwandika nani?

#29 Jalada la Zamani
Mama Tabasamu, swali hilo limenilaza macho. Niseme ninachokiona. Kabla ya hapo majenerali walilazimika kuingia kwenye mafungu ya wageni ili watambuliwe. Safari hii ya Hankou, balozi wa Uingereza ndiye aliyefunga safari kwenda kwa mtu ambaye London ilikuwa bado haijamtambua. Labda fungu lilikataa kuandikika. Lakini Forodhani atasema ni kwa sababu biashara ya Hong Kong ilikuwa imegomewa na Wachina, miezi 16, na atakuwa na haki yake.

#30 Forodhani Boy
Nitasema hivyo hivyo.

#31 Bukavu Kando ya Ziwa
Jalada, ukirudi kule Kew, nitafutie kitu kimoja. Kwenye hesabu za matumizi za konsuli lazima kuna mishahara ya wale waandishi wa Kichina. Mahali penye mshahara jina huwa linaandikwa. Babu yangu hayumo kwenye ripoti hata moja, lakini kwenye daftari la mishahara tulimkuta.

#32 Jalada la Zamani
Sikuwahi kuomba majalada ya hesabu. Natarajia kwenda Machi. Nitayaomba hayo kwanza.